Kisima cha Msikiti: Maji Matamu ni Amana

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha mvua kwa kipimo akijuacho Yeye, akaituliza ardhini, akatutolea kwayo visima na chemchemi. Twashuhudia kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na twashuhudia kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Kiyama.

Ama baad. Ndugu Waislamu, mlioketi msikitini na mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, kwani mwenye kumcha Mungu huitunza neema kabla haijamwondokea. Maneno yetu ya leo ni juu ya neema moja ambayo hapana nyumba isiyoigusa tangu alfajiri hadi usiku, nayo ni maji matamu.

Katika Suratul Muuminun, aya ya 18, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa ameyateremsha maji kwa kipimo, akayakalisha ardhini, na kuwa Yeye ni muweza wa kuyaondoa. Katika aya ya mwisho ya Suratul Mulk anatuuliza ni nani atakayetuletea maji yabubujikayo iwapo yetu yatadidimia. Na katika Suratul Waqia, aya ya 68 mpaka ya 70, anatutaka tuyatazame maji tunayoyanywa, na kutukumbusha kuwa lau angetaka angeyafanya ya chumvi kali isiyonyweka. Mtu wa Pangani aweza kudhani kuwa maonyo haya ni ya watu wa jangwani, maana yeye ana mto mkubwa mbele ya mji na mvua za masika na za vuli. Lakini mtu yule ambaye kisima cha babu yake kimegeuka chumvi anajua kuwa aya hizi zinamsemesha yeye.

Ndugu zangu, na tuanze kwa kuwatazama waliopewa maji machache kuliko sisi, tuone walivyoishi nayo. Katika nchi ya Uajemi, ambayo leo ni Irani, uko mji wa Yazd, ulio kati ya majangwa. Mvua yake haifiki milimita 100 kwa mwaka. Maji yakipitishwa juu ya ardhi huko, jua huyanywa kabla hayajafika kwa mwenyewe. Kwa hiyo wazee wa nchi ile walichimba kisima kirefu chini ya milima, palipo na maji, kisha wakachimba njia ya chini kwa chini, yenye mteremko mdogo sana, mpaka mjini na mashambani. Kila baada ya hatua kadhaa walitoboa shimo la kuingizia hewa na kutolea udongo. Njia hiyo huitwa qanat. Huko Gonabad kisima mama cha qanat moja kina kina cha zaidi ya mita 200, nacho kimechimbwa kwa mikono ya watu.

Yafaa tulitie moyoni jambo moja la qanat. Maji yake hayavutwi kwa nguvu, bali hutiririka yenyewe usiku na mchana kwa kadiri mlima ulivyojaaliwa mvua. Mwaka wa neema hutoa mengi, na mwaka wa ukame hutoa machache. Mwanadamu hawezi kuyanyonya mpaka akaimaliza akiba iliyo chini. Maji yakifika mjini huhifadhiwa katika mabirika yaliyochimbwa ardhini na kufunikwa kwa kuba, na juu yake hujengwa minara ya kunasa upepo, ili yakae katika giza na ubaridi. Nyumba nazo zina kuta nene za udongo, ua wa katikati, na vyumba vya chini vya kukimbilia saa za adhuhuri. Shirika la UNESCO limeziingiza qanat za Uajemi katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2016, na mji wa Yazd mwaka 2017.

Wala haikutosha kuchimba. Wanahistoria wanaeleza kuwa katika karne ya 3 ya Hijra, Abdallah bin Tahir, gavana wa Khurasan, alichoshwa na mashauri ya watu waliogombania maji ya qanat. Vitabu vya fiqhi vya wakati ule havikuwa na mlango wa jambo hilo. Basi akawakusanya mafakihi wa Khurasan na baadhi ya wale wa Iraq, wakaandika kitabu kizima cha hukumu za qanat, nacho kikatumika kwa vizazi vingi. Takriban mwaka 1017 mwanachuoni wa hesabu, Muhammad bin Hasan al-Karaji, akaandika kitabu cha namna ya kuyatoa maji yaliyofichika ardhini. Angalieni, ndugu zangu: fakihi na mhandisi walilishika jambo moja kwa mikono miwili. Mmoja alifundisha namna ya kuyapata maji, na mwingine akafundisha namna ya kuyagawa bila dhuluma.

Ndugu zetu wa Oman, ambao wengi wana jamaa zao Pangani, Tanga na Unguja, wana mifereji ya namna hiyo iitwayo falaj, na mitano kati yake iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Huko maji hupita kwanza mahali pa kunywa, kisha msikitini, kisha pa kuogea na kufulia, na mwisho huenda mashambani. Zamu za kumwagilia hupimwa kwa wakati. Mchana kwa kivuli cha jua, na usiku kwa nyota. Kwa taratibu hizi mwenye shamba dogo hulala akijua kuwa zamu yake itafika.

Sasa turejee mwambao wetu. Ziko koo za huku, wakiwamo Washirazi, zinazonasibisha asili yao na Shiraz ya Uajemi, na wanahistoria wana kauli nyingi katika jambo hilo. Lililo dhahiri ni kuwa dau na jahazi zilizokwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi zilileta biashara pamoja na elimu. Hata hivyo wazee wetu hawakuiga ovyo. Joto la Yazd ni kavu, na la Pangani lina unyevu wa bahari. Kule mtu hujifungia asipigwe na upepo wa moto mchana. Huku mtu huutafuta upepo, kwa kuwa jasho halikauki bila ya huo. Kwa hiyo nyumba ya mawe ya mwambao ilipewa kuta nene za matumbawe na chokaa zinazochelewa kupata moto, na vyumba vyembamba vya mita kama 3 kwa sababu boriti za mikoko hazizidi urefu huo. Vichochoro vilibanwa ili ukuta wa jirani uwe kivuli cha jirani. Nyumba ya fito na udongo nayo iliezekwa makuti yaliyoshuka mpaka karibu na baraza, na juu ya ukuta pakaachwa nafasi ya kutokea hewa ya moto. Katika Suratun Nahl, aya ya 81, vivuli vimetajwa kuwa ni neema. Na Mtume (S.A.W.) aliruhusu Adhuhuri icheleweshwe kidogo joto linapokuwa kali mno, mpaka pawe na ubaridi. Kwa hiyo kujikinga na joto kwa busara ni katika mwendo wa dini yetu.

Ama katika maji, msafiri Ibn Battuta aliyepita Mombasa mwaka 1331 alieleza kuwa misikiti ya huko ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na kila mlangoni pana kisima kimoja au viwili vyenye kina cha dhiraa moja au mbili tu. Watu walichota kwa chombo cha mti chenye kijiti chembamba. Ardhi ya kuzunguka kisima ilisawazishwa, na mwenye kuingia aliosha miguu, kisha akaifuta kwa mkeka mzito uliowekwa mlangoni. Hii ni habari ya karibu miaka 700 iliyopita, na kila mmoja wetu aliyekulia mwambao anaitambua.

Desturi hii ilikuwa na elimu ndani yake. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, maji yasiyofika kullateni, nayo ni kama lita 200 hivi, hunajisika mara yakiingiwa na najisi, na yakifika kadiri hiyo hayanajisiki ila yabadilike rangi, ladha au harufu. Ndiyo sababu birika la msikiti lilijengwa kubwa, na pembeni yake ikawekwa kata ili mtu achote badala ya kutumbukiza mikono. Huko Lamu watu hufuga visamaki ndani ya birika ili vile viluwiluwi vya mbu. Majumbani mtungi wa udongo uliwekwa kivulini palipo na upepo. Maji kidogo hupenya nje ya mtungi na kukauka, na huko kukauka huondoa joto, yakabaki ya ndani yana ubaridi. Nao mtungi una kifuniko, na una kata yake.

Mwendo wote huu unatokana na Sunna. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Anas (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji na akikoga kwa pishi moja, yaani mudi nne, au mpaka mudi tano. Mudi katika hesabu ya madhehebu yetu haifiki robo tatu ya lita. Sasa, ndugu yangu, pima. Iwapo bomba la msikiti hutoa lita 6 kwa dakika, na mtu akaliacha wazi kwa dakika 3 huku akizungumza na mwenziwe, ametumia lita 18. Wakifanya hivyo watu 100 siku ya Ijumaa, zimekwenda lita 1,800, na kwa kipimo cha Mtume (S.A.W.) zingetosha lita 75. Hatukatazwi kuzidisha kidogo kwa haja. Tunachokatazwa ni israfu, nayo imekemewa katika Suratul Aaraf, aya ya 31, hata katika kula na kunywa kwa halali.

Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake.

Ndugu Waislamu, katika Suratul Furqan, aya ya 53, Mwenyezi Mungu ametaja maji ya namna mbili yanayokutana, haya matamu na yale ya chumvi, na kuwa ameweka kizuizi baina yake. Sisi watu wa Pangani twalitazama jambo hilo kila siku pale mto unapoingia baharini. Mto huu una urefu wa kama kilomita 500, na maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru. Njiani hukusanywa katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, huendesha mitambo ya umeme, na hunywesha mashamba makubwa na madogo. Kila mmoja huko juu huchukua sehemu yake, nasi tulio mwisho hupokea kilichobaki. Nguvu ya mto inapopungua, bahari hupanda ndani zaidi, na minazi na mipunga ya kingoni huonja chumvi.

Chini ya ardhi mna mkutano wa namna hiyo hiyo. Katika miji ya pwani maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa matamu ni mepesi. Wataalamu wana kanuni yao: usawa wa maji matamu ukishuka kwa mita 1, mpaka wa chumvi ulio chini yake waweza kupanda kwa mita 40 hivi. Tafakarini maana yake. Bibi zetu walipochota kwa ndoo na kamba, kisima kilipata muda wa kujijaza kwa utaratibu, na chumvi ikabaki mahali pake. Leo mtu mmoja akifunga pampu yenye nguvu, akaendesha kutwa kucha kwa ajili ya kuuza maji au kumwagilia bustani, aweza kuivuta chumvi hadi katika visima vya mtaa mzima. Waliodhulumiwa hawatajua ni nani wa kumshitaki, ila Mwenyezi Mungu anajua.

Wala tusiseme kuwa mji hauwezi kufa kwa ajili ya maji. Huko Gedi, karibu na Malindi, upo mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Msikiti wake mkuu ulikuwa na kisima na birika la kutawadhia. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuufukua mji huo mwaka 1948, aliona kuwa kisima kilicho nje ya msikiti kilichimbwa tena kuongezwa kina, akahesabu kushuka kwa maji kuwa miongoni mwa sababu za watu kuhama. Wenyeji wa Gedi nao walikuwa Waislamu waliotawadha na kusali kama sisi.

Basi tufanye nini? Nitataja mambo manne.

La kwanza ni juu ya kamati za misikiti. Visima vya misikiti vilivyoachwa baada ya kuja bomba visigeuzwe mashimo ya taka. Visafishwe, vifunikwe, vijengewe ukingo, na vitumiwe kwa kiasi. Sheria imekipa kisima harimu yake, yaani eneo la kukizunguka lisilovamiwa. Pasichimbwe choo karibu nacho. Mtume (S.A.W.) alionya juu ya kwenda haja mahali watu wanapochota maji, njiani, na penye kivuli wanachopumzikia. Tazameni namna alivyoviweka maji na kivuli katika onyo moja.

La pili ni juu ya mapaa yetu. Wengi tumeacha makuti tukaezeka mabati, nayo bati huleta joto, lakini pia hukusanya mvua safi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la msikiti lenye mita 10 kwa 15 ni mita 150 za mraba. Katika mwambao wetu unaopata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo hupokea zaidi ya lita 150,000. Hata tukipoteza nusu, iliyobaki si haba. Mwenye uwezo na atoe mifereji na tangi iwe wakfu, kama wazee walivyotoa minazi yao kuwa wakfu wa misikiti. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma Madina akakiacha kwa Waislamu wote. Saad bin Ubada (R.A.) alipouliza ni sadaka gani bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki, aliambiwa ni maji, akamchimbia kisima. Na hapa petu, Seyyid Barghash wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1888, anakumbukwa hadi leo kwa kuwaletea watu wa mjini maji ya bomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji.

La tatu ni juu ya wenye visima na pampu. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Aliyechimba kwa mali yake ana haki ya kutangulia, lakini asiinyime jirani ziada yake, wala asichimbe kwa namna ya kuharibu cha mwenziwe. Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na bonde letu lina Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Anayetaka kuchimba kisima kirefu aanze kwa kuuliza huko. Na sisi tulio mwisho wa mto tuseme katika vikao kwa adabu na kwa hoja, ili walio juu wajue kuwa mto hauishii kwao. Kufuata sheria inayozuia madhara ni katika dini, maana Uislamu haukubali kudhuru wala kulipa dhara kwa dhara.

La nne ni juu ya vijana wa madrasa na wa shule. Mlango wa twahara ndio wa kwanza katika vitabu vya fiqhi, na wengi huuhifadhi kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi aijue kullateni, kisha ajue mvua hupita wapi hata ikafika kisimani. Wako watakaokuwa mafakihi na wako watakaokuwa wahandisi, na mji huu unawahitaji wote wawili wakae pamoja, kama walivyokutana mafakihi wa Khurasan. Tangu leo basi, kila mwanafunzi atawadhe kwa kopo moja, na amfundishe mdogo wake.

Ewe Mwenyezi Mungu, wasamehe Waislamu wanaume na wanawake, walio hai na waliofariki, na uwarehemu wote waliochimba kisima tukanywa na hatuyajui majina yao. Ewe Mola, tuteremshie mvua ya manufaa isiyo ya maangamizi, uyahifadhi matamu ya visima vyetu, uubariki mto wetu tangu chimbuko lake hadi baharini, wala usituadhibu kwa israfu ya wapumbavu miongoni mwetu. Wape viongozi wetu uadilifu katika kugawa, na utupe sisi uaminifu katika kutumia. Tupe mema ya dunia na ya Akhera, na utukinge na moto wa Jahannamu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni naye atawakumbuka, na mshukuruni kwa neema Zake atakuzidishieni. Simameni kwa sala.